Bukari ya saa sita mchana iwe bado ya moto

Mwezi wa sita na wa saba baridi ya Kolwezi haina mchezo. Anayetoka nyumbani kabla ya jua anajua bukari ya baridi ni kitu gani: imekauka ngozi juu, mafuta ya ngazi yameganda kwenye sombe, hamu imekwisha. Wengi wanairudisha nusu jioni. Wiki hii tuzungumze juu ya termos ya chakula, ile yenye mdomo mpana, kwa sababu wamama wengi wanainunua sokoni na baada ya siku chache wanasema haifai kitu. Mara nyingi termos ni nzima, ila imejazwa vibaya.

Zamani chakula cha mfanyakazi kilikuwa hesabu ya kampuni pia. Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, ilianza mwishoni mwa miaka ya 1920 kutaka mtu akae kambini pamoja na mke wake, apikiwe vizuri na asikimbie kazi. Unga ulitoka kwa posho. Gécamines iliendelea na posho hiyo mpaka nguvu zikaisha, na kuanzia mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakaondoka na malipo ya mwisho. Leo kampuni nyingine zina kantini yao. Lakini mlinzi, fundi wa gereji, mwalimu na mtoto anayesoma mbali wanabeba chao, au wanakula malewa. Hatuwasemi vibaya mama wa malewa, wanalea watoto kwa kazi ile. Ila kula pale kila siku kunamaliza mshahara kabla ya mwezi.

Sasa termos. Haipashi chakula moto, inalinda tu joto ulilotia. Kati ya kuta zake mbili za chuma hewa imetolewa, na pasipo na hewa joto linapita kwa shida. Ukiimwagia chakula ikiwa ya baridi, chuma cha ndani kinakula joto kwanza. Kwa hiyo chemsha maji, jaza termos, funga, ngoja dakika kumi wakati unapika. Mwaga maji, tia chakula kinachotokota, jaza mpaka karibu na mdomo, funga palepale. Termos iliyojaa nusu inapoa upesi. Na usiifungue njiani kuonja.

Maharagi, sombe, samaki wa mchuzi: hivyo vinashika joto muda mrefu. Samaki wa kukaanga na viazi havishiki, tena vinalowa mvuke. Bukari ni shauri lingine. Ivingirishe katika kitambaa safi kinachonyonya jasho lake, kisha uiweke kwenye chombo chake peke yake. Tafadhali, usiitie ya moto ndani ya mfuko mwembamba wa plastiki, hata kama sokoni wanafanya hivyo.

Shirika la Afya Duniani linashauri chakula cha moto kisishuke chini ya digrii 60, na kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili. Nani ana kipimo jikoni? Jaribu hivi: jaza termos maji yanayochemka, ifunge, uifungue baada ya saa zilezile ambazo chakula kitangoja. Mimina kidogo kwenye kikombe. Kama kidole kinakaa ndani bila shida, termos hiyo si ya nyama wala samaki. Mpe mtu mkate na karanga. Na kama ukitia maji ya moto ukuta wa nje unapata joto, imeanguka ikapasuka ndani, hakuna fundi.

Wali wa jana usiku uliolala kwenye sufuria ndio unaotuogopesha zaidi. Kuna kijidudu ambacho mbegu zake hazifi kwa kupikwa. Wali ukipoa polepole zinaamka na kutoa sumu, na sumu hiyo haiondoki hata ukipasha asubuhi. Mtoto atatapika darasani na watu watasema amerogwa. Kwa termos, pika wali asubuhi.

Halafu kuna vumbi letu. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walitoa utafiti juu ya Kasulo, hapahapa Kolwezi, ambako watu walichimba kobalti hata ndani ya lupango. Walikuta kobalti nyingi kwenye mkojo na damu ya wakaaji kuliko ya watu wa mtaa usio na migodi, na watoto walizidi. Vumbi hilo halipiti kwa pumzi tu, linapita pia kwa mkono unaokwenda mdomoni, na bukari tunaila kwa mkono. Kuchemsha kunaua vidudu, hakuondoi metali. Kwa hiyo pamoja na termos weka chupa ndogo ya maji na kipande cha sabuni. Mfundishe mtoto apanguse kifuniko kabla ya kukifungua, na akiweke upande wa ndani ukiangalia juu.

Asiye na pesa ya termos achukue kikapu, atandike blanketi kuukuu lililofuliwa, aweke sufuria ndogo yenye kifuniko kinachobana, afunike kwa blanketi juu na pembeni. Kenya vikundi vya wamama vinashona vikapu vya namna hii kwa mabaki ya nguo, na maharagi yanamalizia kuiva humo bila makala. Kwa mtu wa zamu ndefu hakitoshi. Kwa mama anayeuza sokoni na anayekula saa sita, kinatosha.

Jioni, toa ule mpira wa kifuniko uuoshe peke yake, maana harufu ya thomson inajificha pale. Termos ilale wazi, mdomo chini, juu ya kitambaa kikavu.