Kichomi kwa Mtu Asiye na Bandama

Bandama hukaa chini ya mbavu za kushoto. Huchuja damu na kukamata vijidudu. Wengine hukatwa bandama baada ya ajali. Kwa wenye selimundu hunyauka tangu utotoni. Mtu huyo akishikwa na kichomi, vijidudu hujaa damuni upesi. Hata akilazwa hospitali anaweza kufa kwa siku moja au mbili. Akiwa na kisukari pia, askari wa damu waliobaki ni dhaifu. Akiwa na ugonjwa wa moyo, moyo huelemewa.

Nasi huku Mbinga tunasema ni baridi tu. Kule Mbamba Bay, malaria tu. Tunangoja kesho. Jamani! Homa ikianza twende hapo hapo, tumwambie daktari yote mawili: bandama hakuna, na ugonjwa mwingine upo. Watoto wachanga wanachanjwa kuzuia kichomi tangu 2013. Mtu mzima aliyekatwa bandama naye aulizie chanjo.