Msongo wa mawazo na kuenea kwa saratani

Mgonjwa wa saratani akifariki, husemwa msibani kuwa mawazo ndiyo yaliyommaliza. Kauli hiyo ina chembe ya ukweli, ila si pale wengi wanapoiweka. Uchambuzi wa mwaka 2013 uliohusisha watu wapatao 116,000 barani Ulaya haukuona kwamba msongo wa kazini unaongeza uwezekano wa kupata saratani. Ushahidi wenye uzito unahusu jambo jingine: homoni za msongo huenda zinaisaidia saratani iliyokwishaota kuhamia viungo vingine. Huko ndiko kwenye hatari, kwani vifo vingi vya saratani hutokana na kuenea kwake.

Mwaka 2010 mtafiti Erica Sloan na wenzake waliwafungia panya wenye saratani ya matiti mahali pabana kila siku. Uvimbe wa kwanza haukukua zaidi ya ule wa panya waliotulia, lakini saratani ilisambaa takriban mara 30 zaidi. Homoni za msongo zilikuwa zimewaita ndani ya uvimbe askari wa kinga ya mwili, ambao badala ya kupigana waliisaidia saratani kutoka. Panya waliopewa propranololi, dawa ya zamani ya shinikizo la damu na moyo, waliepushwa na madhara hayo.

Panya si binadamu, atasema msomaji, na ni kweli. Ndiyo maana jaribio lililochapishwa mwaka 2020 lina thamani: wanawake 60 wenye saratani ya matiti waligawanywa, wengine wakapewa propranololi kwa wiki moja kabla ya upasuaji, na uvimbe wao ukaonyesha dalili chache zaidi za kijeni za kutaka kusambaa. Hilo halithibitishi kwamba wataishi muda mrefu zaidi. Linatosha, kwa maoni yangu, kudai majaribio makubwa.

Wapo wanaohofia kuwa maelezo haya yatamtwisha mgonjwa lawama. Mimi naona kinyume chake. Homoni hizi hupandishwa na maumivu, upasuaji, kukosa usingizi na hofu ya gharama, si na uhaba wa imani. Basi kumtuliza maumivu na kumpunguzia hofu ni sehemu ya tiba, na familia ina haki ya kuidai hospitalini. Ila asikimbilie mtu kununua propranololi duka la dawa bila daktari: kwa mwenye pumu, dawa hiyo inaweza kubana pumzi hadi kuua.