Marudio: Hesabu Iliyobaki Mchangani

Ukitoka Shinyanga mjini kwa barabara ya Mwanza, huendi mbali kabla ya kufika Kolandoto: hospitali ya AICT, chuo cha afya, vijana wa sare nyeupe wakivuka barabara na madaftari mkononi. Ukiendelea mbele utafika Mwadui, kwenye almasi. Ukishika njia ya Kahama utaingia ukanda wa dhahabu mpaka Geita. Naanzia Kolandoto kwa sababu hospitali ni miongoni mwa mahali pachache katika eneo hili ambapo kushindwa huandikwa.

Mgonjwa akizidiwa usiku, muuguzi wa zamu hawezi kusema asubuhi kwamba hali ilikuwa mbaya, basi. Faili litaeleza joto lilikuwa kiasi gani, saa ngapi, dawa ipi ilitolewa, daktari aliitwa lini na alifika lini. Mama akifariki kwa uzazi, miongozo ya Wizara ya Afya inataka kifo chake kifanyiwe mapitio, na kinachotafutwa pale ni sababu, si mtu wa kubebeshwa lawama. Bila faili, kikao cha mapitio hayo kingekuwa msiba wa pili tu.

Machimboni mambo ni tofauti. Mtu ameuza ng'ombe, amekopa dukani, amenunua magogo ya kuzuia kuta za duara, yaani shimo lake la kuchimbia, amekodi pampu ya maji, analisha vijana kila siku. Miezi inapita. Mawe yanapandishwa, yanapelekwa karasha kusagwa, yanaoshwa, na kinachopatikana hakitoshi hata kulipia mafuta. Anaondoka. Ukimuuliza ilikuwaje, atakwambia haikuwa riziki.

Simkatazi mtu kumwachia Mungu yaliyompata. Mimi mwenyewe hufanya hivyo. Lakini jibu hilo halimsaidii kwenye duara linalofuata. Huenda mshipa wa dhahabu ulikatika. Huenda ulikuwepo, ila maji yalimshinda. Huenda fedha ziliisha zikiwa zimebaki hatua chache kulifikia jiwe lenyewe. Huenda mawe yalikuwa mazuri, uchenjuaji ukawa mbovu. Hizo ni hasara nne zisizofanana, kila moja na dawa yake, nasi tunaziita zote kwa jina moja: bahati mbaya.

Na duara likitema, yaani likitoa dhahabu, ugonjwa ni uleule, tena mbaya zaidi kwa sababu hauumi. Majirani wanakuja kuchimba pembeni yake. Mwenye duara anaitwa mjuzi, naye anaanza kuamini. Anafungua la pili mahali pengine kwa kujiamini kulekule, na fedha yote ya la kwanza inazama humo. Hakujiuliza alipofanikiwa ni kipi alichofanya yeye na kipi kilikuwa cha ardhi. Mtu akishindwa, angalau watu humuuliza kulikoni. Aliyefanikiwa hupongezwa tu.

Tangu Machi 2019 Geita ina soko la madini. Dhahabu inapimwa, bei inajulikana, tozo ya Serikali inakatwa, stakabadhi inatolewa. Hii ni hatua kubwa kwa watu waliokuwa wakiuzia gizani. Ila soko huandika gramu zilizopatikana tu. Maduara ambayo hayakutema hayana stakabadhi, kwa hiyo kijana wa Kolandoto anayesikia habari za Geita husikia upande mmoja wa daftari.

Mahali pa kuusoma upande wa pili ni kwenye mwalo. Mawe yaliyosagwa humwagiwa maji kwenye ubao ulioinamishwa, uliotandikwa gunia au kitambaa kizito. Dhahabu ni nzito, hunasa, mchanga hupita. Gunia linakung'utwa kwenye karai, zebaki inatiwa, inachanganywa kwa mkono mtupu, inakamuliwa kwa kitambaa, kisha donge linachomwa, na moshi wake ni sumu kwa anayechoma na kwa mtoto aliyekaa jirani. Njia hii mara nyingi haikamati hata nusu ya dhahabu iliyokuwemo kwenye jiwe. Iliyobaki imetoka na mchanga.

Mchanga huo ndio unaitwa marudio. Kwa aliyeosha, kazi imekwisha. Lakini mnunuzi wake, mwenye mtambo wa sianidi wa kutolea dhahabu iliyobaki, haangalii lundo kwa macho tu. Anachota sampuli sehemu mbalimbali, anapeleka maabara, anarudi akijua kila tani ina gramu ngapi. Muuzaji hajui. Wanaposimama kupatana bei, mmoja ana namba, mwingine ana njaa na madeni. Mtambo wenyewe ni ghali na sianidi inataka utaalamu, hivyo sisemi kila mchimbaji angeweza kuwa nao. Lakini kupima sampuli kabla ya kuuza hakuhitaji mtambo. Kunahitaji mtu aamini kwamba kilichomshinda bado kina kitu ndani.

Wakulima wa pamba wa kanda hii walilijua hilo zamani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 walikuwa wakipunjwa kwenye mizani, wakinung'unika na kurudi nyumbani. Paul Bomani na wenzake waliyageuza manung'uniko kuwa namba: wakulima wakaweka watu wao wa kuhakiki uzito. Kutokana na juhudi hizo, mwaka 1955 ukazaliwa Muungano wa Vyama vya Ushirika vya Victoria, ukakua haraka hadi kumiliki vinu vyake vya kuchambulia pamba. Halafu ukubwa ukaja na yake: wasimamizi wakawa mbali na shamba, malalamiko yakarudi, safari hii dhidi ya ushirika wenyewe. Mwaka 1976 Serikali ikavifuta vyama vikuu vya ushirika nchini; vikarudi kwa sheria ya 1982. Kwa maoni yangu, kosa halikuwa kukua. Kilichorithiwa ni jina na majengo. Ile mizani ya kuhakiki, iliyoleta mafanikio yenyewe, ikaachwa njiani.

Na kabla ya hao kulikuwa na John Williamson, mjiolojia kutoka Kanada. Alianzia kwenye almasi za Mabuki, kusini mwa Mwanza, ambazo hazikulipa. Angeweza kuhitimisha kwamba nchi hii haina kitu. Yeye aliendelea kutafuta, na mwaka 1940 akaifikia Mwadui.

Jioni, kwenye mwalo, lori la mnunuzi linarudi nyuma hadi kwenye lundo. Vijana wawili wanapakia kwa sepetu. Aliyeosha mchanga ule amekwishalipwa. Amekaa kivulini, anapanga duara jingine. Utingo anashuka, anaokota chaki, anachora mstari kwenye ubavu wa gari, chini ya mistari mingine sita: safari ya saba.