Punda si Ng'ombe Mdogo: Ulishaji wa Mnyamakazi Chini ya Kilimanjaro

Katika tambarare zinazoteremka kutoka Kwa Sadala, wilayani Hai, mnyama wa jamii ya farasi ambaye mkulima mdogo humudu kumfuga ni punda. Punda ndiye abebaye maji, magunia ya mahindi na mabua yanayopandishwa vihambani, yaani kwenye mashamba ya nyumbani huko mlimani, kulishwa ng'ombe wa maziwa. Hata hivyo, mnyama huyo anayesafirisha chakula cha wenzake mara nyingi hulishwa kwa kukisia, kana kwamba ni ng'ombe wa umbo dogo.

Ng'ombe hucheua, na malisho yake huchachushwa na vijidudu katika tumbo kubwa kabla ya kufika utumboni. Punda hacheui, tumbo lake ni dogo, na uchachushaji wake hufanyika nyuma, katika utumbo mpana, ambako nyuzinyuzi, yaani sehemu ngumu ya majani na mabua, hugeuzwa kuwa nguvu. Pumba nyingi zikitolewa kwa mkupuo, wanga usiowahi kumeng'enywa hufika huko nyuma na kuzalisha tindikali, na matokeo yake huweza kuwa msokoto wa tumbo au uvimbe wenye maumivu makali ndani ya kwato, unaoweza kumwondoa punda kazini kwa miezi. Mfugaji anayempa ndoo ya pumba baada ya safari nzito humtakia mema, lakini stahili iliyo salama zaidi ni majani makavu yanayopatikana muda wote, usiku pia.

Punda wa kilo 130 huhitaji kila siku malisho yanayokaribia asilimia 1.5 ya uzito wake, yakihesabiwa bila maji yaliyomo, yaani kilo 2 hivi. Hizo hupatikana katika mabua makavu yasiyofika kilo 2.5 au majani mabichi kilo 8 hadi 10, ingawa kwa kuwa punda hula majani ya bua na kuacha shina, inafaa awekewe zaidi. Mwenye mimba asishindishwe njaa kamwe, kwa sababu mafuta ya mwili wake humiminika kwenye damu na kuliharibu ini.

Hatari inayostahili hofu kubwa zaidi ni mahindi yaliyoota ukungu, yale ambayo nyumbani hukataliwa kwa ugali kisha yakamwagiwa mnyama. Kuvu wa jamii ya Fusarium hutoa sumukuvu iitwayo fumonisini, ambayo kwa farasi na punda huozesha sehemu nyeupe ya ubongo. Mnyama huyumba, huweza kupofuka, na mara nyingi hufa ndani ya siku chache, wala hakuna dawa ya kumponya.

Kuhusu maji, uvumilivu wa punda humponza, kwa kuwa hustahimili kiu bila kuonyesha dalili za wazi. Anapaswa kunyweshwa kisimani kabla ya kupakiwa madumu, na tena afikapo nyumbani, kisha awekewe chumvi ya kulamba, maana jasho humpotezea chumvi ambayo mabua huwa nayo kidogo mno.