Dirisha Lifungwe au Lifunguliwe?

Ukisikia Malindi haraka haraka unawaza bahari, mchanga na madafu. Malindi ninayoizungumzia mimi haina hata harufu ya chumvi. Iko juu kwenye milima ya Usambara, wilaya ya Lushoto, mkoa wa Tanga. Unapandisha kutoka Lushoto mjini, unapita Magamba, na sweta unaanza kuitafuta kabla hujafika. Huko ni kwa kabichi, karoti na viazi. Ikifika Juni mpaka Agosti, ukungu unakaa mlangoni kama mgeni asiyejua kuaga.

Wifi yangu na mumewe wamejenga huko. Nyumba nzuri ya matofali ya kuchoma, bati jipya, madirisha ya aluminiamu. Ndoa bado changa, ila tayari ina kesi moja isiyoisha: dirisha la chumbani. Wifi analitaka wazi, maana nguo kabatini zinanuka uvundo, kona ya ukuta imeota madoa meusi, na mtoto anakohoa kila asubuhi. Mume naye anasema baridi ile si ya kufungulia mtu dirisha. "Shemeji, mwambie mwenzio, huyu mtoto atapata nimonia!" Wifi akadakia: "Wifi, wewe ndiye msomi, hebu amua."

Basi nikafuatilia. Na jibu, kwa kweli, linawahusu hata ninyi mlioko Dar, Tanga na Mombasa.

Maji yanatoka wapi?

Kiswahili kina akili: ule wa mlimani tunauita ukungu, na ule unaoota ukutani nao tunauita ukungu. Wote ni watoto wa maji. Ndani ya nyumba maji hayo tunayatengeneza wenyewe: chungu kikichemka, maji ya moto ya kuogea, nguo zinazoanikwa sebuleni kwa sababu nje hakuna jua, hata pumzi za watu wawili waliolala chumba kimoja usiku kucha. Hewa yenye joto hubeba mvuke mwingi. Ikigusa ukuta wa baridi au bati, inautua mzigo. Ukuta unalowa, ukungu unaota.

Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitoa mwongozo mzima kuhusu jambo hili mwaka 2009. Ujumbe wake ni kwamba wanaoishi kwenye nyumba zenye unyevu na ukungu wanasumbuliwa zaidi na kikohozi, matatizo ya kupumua na pumu. Kwa hiyo wifi hakuwa anadeka.

Nyumba nyingi za zamani ziliachiwa matundu ya hewa juu ya dirisha. Siku hizi tunaweka aluminiamu ya kusukuma, tunaziba matundu, halafu tunanunua marashi ya kupuliza. Marashi hayaondoi maji, yanaficha harufu tu.

Malindi si Dar

Sasa hapa ndipo penye utamu. Chukulia nje kuna ukungu na nyuzi 12. Utasema, hiyo hewa ya maji naiingiza ya nini? Lakini hewa baridi hubeba maji kidogo. Ikiingia ndani ikapata joto la nyuzi 20, unyevu wake unashuka mpaka kama asilimia 60. Yaani Malindi, nyumba ikiwa na joto kuliko nje, kufungua dirisha kunakausha nyumba.

Dar ni kinyume. Nje nyuzi 30 na unyevu asilimia 75, ndani kiyoyozi kimeweka nyuzi 22. Ukifungua dirisha kiyoyozi kikiwa kinafanya kazi, unaingiza maji mengi kuliko hewa ya ndani inavyoweza kubeba, na mengine yataishia ukutani. Hapo funga. Fungua kiyoyozi kikiwa kimezimwa.

Kwa hiyo wapenzi, swali si nani mbishi. Swali ni upande gani una joto zaidi.

Hili halina mjadala

Kuna njia moja ya kupasha chumba joto ambayo wala tusiibembeleze: jiko la mkaa chumbani. Mkaa ukishakuwa mwekundu hautoi moshi, watu wanadhani uko salama. Unatoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu, mwili unalegea. Aliyelala anaweza asiamke kabisa. Kuacha dirisha wazi kidogo si kinga. Ukihisi dalili hizo, toeni watu wote nje kwanza, kisha hospitali.

Moshi wa kuni nao si rafiki. WHO inakadiria kuwa hewa chafu ya majumbani iliua watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Ndiyo maana mwezi Mei 2024 Tanzania ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia ifikapo 2034. Ila hata jiko la gesi hutoa mvuke, kwa hiyo la jikoni lifunguliwe.

Mfanye nini nyumbani?

• Fungueni madirisha ya pande mbili dakika kumi hivi, asubuhi na baada ya kupika au kuoga. Mtoto mhamishieni chumba kingine kwanza.

• Kabati na kitanda viacheni nafasi ya kiganja kutoka ukutani.

• Tafuteni chanzo: bati linalovuja, mfereji ulioziba, maji ya mvua yanayotuama kwenye msingi.

• Madoa ya ukungu sugueni kwa sabuni na maji, mkivaa glavu na barakoa, kisha pakauke kabisa. Dawa ya klorini msiichanganye na ya chooni yenye asidi, inatoa gesi ya sumu.

• Wenye kiyoyozi, osheni chujio mara kwa mara na hakikisheni bomba la maji halijaziba. Kwa majengo yenye mabomba makubwa ya hewa darini, shirika la mazingira la Marekani, EPA, halipendekezi kuyasafisha kwa mazoea, ila pale panapoonekana ukungu, wadudu au vumbi lililoziba.

• Kikohozi cha mtoto kisichoisha kipelekeni kwa daktari. Si kila kikohozi ni cha ukuta.

Na aliye mwepesi wa kuhisi baridi? Mnunulieni blanketi la pili. Ni bei nafuu kuliko dawa za kikohozi, na kuliko kununiana.