Leseni ya muda, kazi ya kudumu: hesabu za bodaboda Taita Taveta

Mbuga za Tsavo zimechukua takriban asilimia 62 ya ardhi ya Taita Taveta. Watu 340,671 waliohesabiwa mwaka 2019 wanaishi milimani na kandokando ya barabara, na kati ya huku na kule kinachowaunganisha ni pikipiki. Ndiyo inayoshusha kabichi za Werugha hadi kwenye lami, inayompandisha mgonjwa aliyeruhusiwa hospitalini Voi kurudi Sagalla, na inayowangoja abiria wa treni nje ya stesheni ya SGR. Matatu hufika pale inapolipa kufika. Baada ya hapo ni boda au ni miguu.

Yote hayo msomaji wa huku anayajua. Kisichosemwa kwa sauti ni karatasi iliyo mfukoni mwa anayekubeba. Ukiuliza katika steji za Voi, Mwatate na Maungu, utaambiwa bila haya kwamba vijana wengi wanafanya kazi kwa leseni ya muda, ile PDL, inayotolewa ili mtu ajifunze. Mwenye nayo anatakiwa aweke bamba jeupe lenye herufi L nyekundu mbele na nyuma ya chombo, na haruhusiwi kubeba abiria wa kulipa. Basi amebakiwa na nini? Kazi yenyewe ni kubeba abiria wa kulipa.

Ndiyo maana hiyo L huioni. Kijana akiitundika, mteja atampita aende kwa mwenzake, na polisi atajua kabla hajapunga mkono. Asipoitundika anavunja kanuni nyingine juu ya ile ya kwanza, lakini anakula siku hiyo.

Mfanyabiashara mmoja wa Voi, mtu wa makamo mwenye pikipiki tatu anazozitoa kwa hesabu, ana malalamiko marefu kuhusu jambo hili, na hataki jina lake litajwe kwa sababu anazozijua kila mtu wa biashara hii. Kila pikipiki inatakiwa imletee Sh400 kwa siku, Jumapili ikiwa ya dereva. Mafuta ni ya dereva. Tairi, cheni, oili na bima ni vyake yeye. Anasema kijana akishikwa, hasara inagawanyika vibaya: dereva anapoteza asubuhi moja, yeye mwenye chombo anapoteza hesabu ya siku tatu au nne pikipiki ikiwa imelala kituoni, na ikitoka huko haikosi kupungukiwa kitu, betri au kioo cha pembeni. “Sheria imemlenga dereva, risasi imenipata mimi,” anasema.

Mbona basi asiwape pikipiki wenye leseni kamili peke yao? Hapa ndipo mazungumzo yake yanapokuwa na faida kuliko ripoti nyingi. Kijana mwenye leseni kamili, anaeleza, hakai. Akiipata tu anaanza kutafuta mkopo wa pikipiki yake, au anaongeza daraja la gari na kwenda Mombasa, au anapata kazi ya kuendesha katika mashamba ya mkonge au kwa wachimba vito. Akikubali kubaki, anataka hesabu ishuke hadi Sh300. Mwenye leseni ya muda hana pa kwenda. Analeta pesa yake jioni, anaomba radhi ikipungua, na anasema “sawa mzee” kwa kila jambo. Tajiri huyu aliwahi kumlipia kijana mmoja ada ya mafunzo na mtihani kwa makubaliano kwamba atamkata kidogo kidogo. Kijana alifaulu, akamaliza deni, akaondoka mwezi uliofuata. Tangu hapo hajamlipia mwingine.

Malalamiko yake ni ya kweli, lakini yanaficha jambo. Anayelalamika kwamba sheria inamwonea ni yule yule anayenunua kazi kwa bei nafuu kwa sababu sheria hiyo imemfunga kijana mikono. Naye si peke yake. Anayeuza pikipiki kwa mkopo hutaka kitambulisho, mdhamini na malipo ya mwanzo, na vijana wanasema suala la leseni halichukui hata dakika moja dukani. Wenye vyuo vya udereva hupata ada mtu anapojiandikisha. Akipotea katikati ya masomo wao hawadaiwi kitu. Na barabarani, mtu mwenye kosa la kudumu ni mtu wa kusimamishwa kila siku. Katika mnyororo wote huu ni vigumu kumpata anayepata hasara kijana akibaki mwanafunzi kwa miaka, isipokuwa kijana mwenyewe na yule aliyeketi nyuma yake.

Afisa mmoja anayehusika na usalama wa barabara katika kaunti, ambaye naye hakutaka kutajwa, anaiona hali tofauti. Kwa maelezo yake utii umepanda. Anatoa sababu: kesi za waendesha pikipiki wasio na leseni zinazofika mahakamani zimepungua, mafunzo ya pamoja yameletwa karibu na steji, na siku hizi leseni ya muda inaombwa kwenye tovuti ya serikali, hivyo hakuna tena kisingizio cha safari ya kwenda kupanga foleni. Hili la mwisho ni kweli. Kijana anaingia saiba, analipa, anatoka na karatasi. Lakini urahisi wa kuipata leseni ya muda umeongeza idadi ya wenye leseni ya muda. Haujawasogeza kwenye mtihani. Na kesi kupungua mahakamani kunaweza kumaanisha kwamba makosa yamepungua, au kwamba yanamalizwa kabla ya kufika huko. Alipoulizwa ni waendeshaji wangapi wa kaunti waliotoka kwenye leseni ya muda hadi leseni kamili, afisa alisema takwimu hizo ziko Nairobi.

Orodha ya faini ndogo za barabarani iliyochapishwa mwaka 2016 inaeleza mengi kuhusu namna mambo yanavyokwenda. Mwanafunzi asiyeonyesha L anatozwa Sh1,000. Kutobeba leseni ni Sh1,000, na kupakia zaidi ya abiria mmoja ni Sh1,000 vilevile. Kuendesha chombo cha daraja ambalo leseni yako haikukubali ni Sh3,000. Weka viwango hivyo kando ya hesabu ya Sh400 na utaona jinsi bei ya maelewano inavyopangwa. Hakuna atakayelipa 3,000 za risiti iwapo 200 zisizo na risiti zinatosha, na wenye steji wanasema kwa kawaida zinatosha. Afisa wetu anakanusha kwamba desturi hiyo ipo. Waendeshaji wanaijumlisha kwenye gharama za siku pamoja na mafuta.

Ukali wenyewe unategemea mahali. Kwenye barabara kuu ya Mombasa na Nairobi, na ile inayotoka Voi kupitia Mwatate hadi Taveta na mpaka wa Holili, vizuizi vinajulikana, na saa zake zinajulikana. Boda wa Voi mwenye leseni ya muda hupita vichochoro vya Kaloleni na Mwakingali akaepuka lami mchana kutwa. Ukipanda Wundanyi, ukienda Sagalla, au ukikata kutoka Maungu kuelekea Rukanga na Bungule chini ya mlima Kasigau, sheria ya leseni ni hadithi tu. Huko abiria ni wawili na gunia, wakati mwingine watatu. Ajabu ni kwamba njia hizo ndizo zinazohitaji ujuzi zaidi: changarawe, kona za mlima, makorongo baada ya mvua, na jioni ndovu wanaovuka bila kuuliza. Anayejifunza anasukumwa na sheria kutoka kwenye lami iliyonyooka hadi kwenye njia mbaya kuliko zote. Sidhani kama aliyeandika kanuni alikusudia hivyo.

Nchi nyingine zimejaribu kukata shauri hili kwa namna tofauti. Uingereza, anayejifunza pikipiki hupitia kwanza mafunzo ya msingi ya lazima, kisha anaruhusiwa kuendesha chombo kisichozidi cc 125 akiwa na bamba la L, bila abiria na bila kuingia barabara za mwendo kasi. Cheti hicho kinadumu miaka miwili. Ndiyo sababu wanaosambaza chakula mjini London kwa pikipiki wengi wana L nyuma na wanafanya kazi kihalali, kwa kuwa mzigo wao ni pizza. Pikipiki zinazobeba watu Voi ni za cc 100 hadi 150, ukubwa ule ule au karibu yake. Nani angemkataza kijana wa Mwatate kubeba nyanya, maji na mitungi ya gesi kwa leseni ya muda huku akingoja mtihani? Baadhi ya wenye steji wanasema wangelipokea wazo hilo. Mwenye pikipiki tatu analicheka: mzigo hauleti Sh400 kila siku, na mzigo haupandi saa tano usiku ukitoka kwenye treni.

Bima ndilo eneo ambalo biashara hii imejifumbia macho. Chini ya Sura 405 ya sheria za Kenya, kila chombo barabarani lazima kiwe na bima ya kumlinda mtu wa tatu, na pikipiki nyingi hukatiwa ya mwezi mmoja mmoja. Ikitokea ajali na anayeendesha akawa mwanafunzi aliyebeba abiria wa kulipa, kampuni ina sababu ya kukataa, au ya kulipa kisha kumgeukia mwenye chombo imdai. Wamiliki wadogo wengi hawajawahi kusoma masharti nyuma ya karatasi hiyo. Wanaihesabu kama stika ya kumwonyesha polisi. Kitaifa, zaidi ya watu 4,000 hufa barabarani kila mwaka, na waendesha pikipiki pamoja na abiria wao ni zaidi ya robo. Familia inayodai fidia inaweza kugundua mahakamani kwamba ilikuwa ikimdai kijana asiyemiliki hata kofia ya chuma aliyoivaa.

Serikali hupenda kuzungumzia sekta hii kwa mabilioni. Takwimu iliyorudiwa sana na viongozi ni kwamba bodaboda huingiza Sh1 bilioni kwa siku nchini kutoka kwa pikipiki zipatazo milioni 1.4. Gawanya mwenyewe: inakuja chini kidogo ya Sh715 kwa pikipiki. Toa hesabu ya 400, toa mafuta, toa maelewano ya barabarani. Kinachobaki ndicho kinachotarajiwa kilipie chuo, mtihani, na leseni ya kadi ambayo ilipoanzishwa bei yake ilikuwa Sh3,050. Wanaosema vijana ni wakaidi hawajafanya hesabu hii, au wameifanya wakanyamaza.

Kama lolote litabadilika ni vigumu kusema. Machi 2022, baada ya mwanamke mwenye gari kushambuliwa na waendesha bodaboda Nairobi, msako wa nchi nzima ulitangazwa na usajili mpya ukaamriwa. Msako ulisitishwa kabla ya mwezi kwisha, na katika steji za hapa unakumbukwa kama wiki ambayo pikipiki zilifichwa uani. Afisa anatarajia faini za kielektroniki ziondoe mkono wa mtu katikati. Huenda zikafanya hivyo kwenye barabara kuu, ambako kamera zina mahali pa kuning’inia. Vyuo vya udereva navyo vinasema mahitaji yatapanda siku za mtihani zikiongezwa, jambo ambalo vimelisema pia miaka iliyopita.

Mwenye pikipiki tatu anafikiria kuongeza ya nne, ikiwa riba ya chama haitapanda. Vijana wawili wameshamwomba kazi. Mmoja ana leseni kamili, na anataka hesabu ya 300.