Tovuti inayobadilishwa sura kila mara: ni programu gani ya kuchagua bila kumaliza pesa?

Katika miji kama Goma, Bukavu, Butembo ao Bunia, vyama vingi, shule na radio za jamii ziko na tovuti. Na nyingi kati yazo hazikai na sura moja. Mfadhili mpya anaomba logo yake ionekane juu, kamati mpya inataka rangi ingine, mradi unaisha na ukurasa wa kwanza unapangwa upya. Kila mara fundi analipwa tena. Mara ingine habari za miaka ya nyuma zinapotea katika hayo mageuzi, na mkaaji anayetafuta tangazo la zamani hakuti kitu.

Wengi wanafikiri gharama inatoka kwenye programu yenyewe. Hapana. Drupal na SPIP zilianza mwaka 2001, WordPress mwaka 2003, Joomla mwaka 2005, na zote nne ni za bure: mtu anazipakua, anazitumia, hata anazibadilisha bila kulipa leseni. (Jina Joomla, kwa njia, limetoka katika neno letu la Kiswahili, «jumla».) Kinacholipiwa ni jina la tovuti, iwe .org ao .cd ya Congo, na nafasi kwenye seva. Hizo mbili zinajulikana mapema. Kwa tovuti inayobadilishwa mara kwa mara, kinachokula pesa ni saa za fundi.

Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza fundi ni hili: maandishi yanakaa wapi, na sura inakaa wapi? Katika tovuti iliyoandikwa kwa mkono, ukurasa kwa ukurasa, maneno na rangi vimeshonwa pamoja. Kama kuna kurasa 300, kubadilisha sura ni kugusa zote 300. Katika programu za kusimamia tovuti, makala yanakaa katika hifadhidata, na sura inakaa katika faili zake pembeni. Watu wa SPIP wanaziita hizo faili «mifupa». Ukibadilisha mifupa, makala hayaguswi.

Lakini kuna mtego. Viongezeo fulani vinamruhusu mtu kupanga ukurasa kwa kuvuta vipande na kidole, na vinapendeza sana siku ya kwanza. Baadhi yavyo vinaingiza alama zao ndani ya maandishi yenyewe. Siku kiongezeo kinatolewa, makala inabaki imejaa mabano na namba, na mtu analazimika kusafisha moja moja. Jaribio ni rahisi: kabla ya kumaliza kulipa, mwombe fundi atengeneze nakala ya tovuti, aweke sura ya kawaida ya bure, kisha fungueni makala kumi ya zamani. Kama zinasomeka vizuri, kazi ni nzuri. Kama hazisomeki, afazali kujua leo.

Kwa chama kidogo ao radio ya mtaa, WordPress ndiyo inafaa zaidi mara nyingi. Iko kwa Kifaransa, sura za bure ni maelfu, na fundi mmoja akihama, si vigumu kupata mwingine anayeijua. Pia iko na njia ya kutoa makala yote katika faili moja na kuyapeleka pengine. Ubaya wake: inaomba kusasishwa kila mara, kwa sababu viongezeo vya zamani ndio mlango wa wezi. Na fundi akibadilisha sura moja kwa moja, bila kuunda «sura mtoto» pembeni, kazi yake inafutika siku sura inaposasishwa.

SPIP ilitengenezwa kwa ajili ya magazeti. Mwandishi anapendekeza makala, mhariri anaikubali, ndipo inatoka. Redaksio yenye watu wengi itaipenda, ila mafundi wake ni wachache kuliko wa WordPress. Drupal iko na nguvu nyingi, lakini kwa radio ya mtaa ni kununua lori ili kubeba kikapu. Huduma kama Wix ni nyepesi kuanza nazo, lakini pale mtu ni mpangaji. Tena Wix hairuhusu tovuti iliyokwisha kujengwa kuhamia kiolezo kingine: lazima kuanza upya. Kwa wanaobadilisha sura mara nyingi, hiyo peke yake inatosha kuiacha.

Mageuzi yakifanyika, anwani za makala zisibadilike. Kiungo kilichotumwa katika makundi ya WhatsApp kitakufa kama anwani imebadilishwa bila kuelekeza ya zamani kwa ile mpya. Na sura mpya ipimwe kwa telefone ya bei ndogo, yenye mtandao dhaifu, si kwa ordinatere ya fundi tu: picha kubwa zinazojigeuza zenyewe zinakula mega za msomaji kabla hajasoma hata kichwa cha habari.

Mwisho, funguo. Jina la tovuti liandikishwe kwa jina la chama, si la fundi. Maneno ya siri yajulikane na watu wawili wa kamati. Nakala ya makala na picha ikae kwenye diski nje ya seva, ipyaishwe kila mwezi, na siku moja ijaribiwe kweli kurudishwa, kabla mageuzi mengine hayajaanza.